Waya ni ule ule, mzigo ule ule: mbona saa nne asubuhi unashuka kuliko saa nane mchana?

Fundi_Mkonge (ameanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi umeme kwenye kiwanda kimoja huku mkoani Tanga, huu mwaka wa nne. Tunalishwa na laini yetu wenyewe ya kilovolti 33, kilomita sita kutoka kituo cha kupozea umeme mpaka getini kwetu. Waya ni alumini yenye moyo wa chuma, ule unaoitwa Wolf, milimita za mraba 150. Nguzo ni za miti na spani nyingi, yaani nafasi kati ya nguzo na nguzo, ni fupi, ila kuna mahali laini inavuka kibonde na pale spani ina mita 180. Upande mmoja wa kibonde kuna shamba la mitiki iliyokwisha kuwa mirefu. Chini ya waya inapita barabara ya vumbi ya malori, na watoto wa shule wanaitumia.

Tangu mwezi wa pili uanze nimekuwa napima kimo cha waya wa chini pale kibondeni kwa kile kipimo cha mawimbi ya sauti, unakielekeza juu ukiwa umesimama chini. Siku nane mfululizo. Mzigo wetu hautikisiki, ni ampea 380 kutoka alfajiri mpaka usiku. Ninachopata ni hiki, tofauti ya siku na siku ni sentimita chache tu:

saa nne asubuhi: mita 6.1
saa nane mchana: mita 6.9
saa tatu usiku: mita 6.7

Najua waya hurefuka kwa joto. Lakini saa nane ndiyo jua kali na joto la mchana limefika kilele. Iweje saa nne, hewa ikiwa bado nyuzi 30, ndipo waya ushuke zaidi?

Kinachonisumbua si udadisi tu. Wakubwa wanataka kufunga mashine nyingine ya kusaga, mzigo ufike ampea 430. Jedwali lililobandikwa ukutani linasema Wolf inabeba 440. Wamenitaka nisaini kwamba laini inatosha. Mkono unakataa.

---

Voltiampea

Kipimo chako kibovu mkuu. Au unapima waya mwingine. Physics ni moja, joto kubwa waya chini, joto dogo waya juu. Saini tu, 430 iko chini ya 440.

---

Fundi_Mkonge

Nimebadilisha kipimo siku ya tano, nikaazima cha jirani. Vyote viwili vinasema kitu kimoja. Na nimepigilia kigingi ardhini nisimame mahali pale pale kila siku.

---

MzeeWaSpani

Kijana wangu, usisaini kwanza. Nisome mpaka mwisho, maana nimeandika taratibu na macho yangu si ya zamani.

Nimefanya kazi ya laini miaka 31, mwanzo nikiwa mpanda nguzo, baadaye msimamizi wa gengi, na miaka ya mwisho nikakaa chumba cha udhibiti. Kipimo chako ni kizima. Uliyoyaona ndiyo yenyewe, na ningependa kila fundi wa laini ayaone kwa macho yake angalau mara moja kama wewe.

Watu wakiuliza waya unabeba ampea ngapi, wanadhani jibu liko ndani ya waya kama ujazo ulivyo ndani ya ndoo. Haliko huko. Waya hauna ampea zake. Una joto ambalo haupaswi kulivuka, na kwa waya kama wako watu wengi hutumia nyuzi 75. Ampea ni zile zitakazoufikisha hapo, na zinategemea hewa inayouzunguka saa hiyo.

Fikiria mita moja tu ya waya wako. Vitu viwili vinaingiza joto: umeme wenyewe unaosuguana na alumini, na jua. Vitu viwili vinatoa joto: upepo unaopita, na mnururisho, yaani ule ujoto ambao kitu chochote cha moto hutoa kuelekea pembeni hata kama hakuna hewa inayotembea. Waya hupanda joto mpaka kinachoingia na kinachotoka vilingane, basi unatulia hapo.

Jana usiku nilipiga hesabu ya Wolf kwa kanuni ya IEEE 738, ambayo wahandisi wa mataifa mengi huitumia. Nilichukua hewa nyuzi 35, jua la utosini, waya mkuukuu uliokwisha kupoteza mng'ao na kuwa mweusi, na upepo wa mita 0.6 kwa sekunde unaoukata waya mraba, yaani unaoupiga ubavuni. Kwa nyuzi 75 nikapata ampea 440, kwa hiyo naamini jedwali lenu la ukutani lilitengenezwa kwa masharti yanayofanana na hayo. Sasa tazama ndani ya hiyo 440. Jua linaingiza wati 14 na nusu kwa kila mita. Mnururisho unatoa wati 14 na nusu. Hao wawili wamefutana. Wanaobaki uwanjani ni umeme na upepo: umeme unaingiza wati 43 na nusu, upepo unaondoa 43 na nusu.

Kwa hiyo ile namba ya ukutani ni ahadi ya upepo. Ondoa upepo uone. Hewa nyuzi 35 ile ile, jua lile lile, lakini hewa imesimama kabisa, waya unapoa kwa ule mvuke wa joto unaopanda wenyewe tu. Ampea zinashuka kutoka 440 mpaka 290. Rudisha upepo wa mita 2 kwa sekunde, ule unaofanya majani ya mwembe yaanze kunong'ona: ampea 600. Upepo wa mita 3: ampea 680. Waya ni ule ule, siku ni ile ile.

Joto la hewa nalo lina nguvu yake, sikatai. Ukishusha hewa kutoka nyuzi 35 mpaka 25 kwa upepo ule wa 0.6, unapata ampea 65 zaidi, kutoka 440 kwenda 505. Ni nyingi. Lakini nyuzi kumi nzima za hewa zimeleta 65, na kuondoka kwa upepo mdogo ambao hata jani hautikisi kumechukua 150.

Sasa rudi kibondeni kwako saa nne asubuhi. Wewe ni mtu wa pwani, unajua mwezi wa pili ulivyo. Ule upepo wa nchi kavu wa alfajiri umekwisha kufa. Upepo wa bahari bado haujaamka. Katikati hapo kuna saa mbili tatu ambazo hewa inakaa kama maji ya mtungi, na jua limekwisha kupanda. Mitiki imekuzibia hata kile kidogo kilichobaki. Kwa ampea zako 380, hewa nyuzi 30 na hakuna upepo, mimi napata waya uko kwenye nyuzi 82. Saa nane bahari imeamka, upepo wa mita 3 unapita juu ya mitiki na kuingia kibondeni. Hewa ni nyuzi 33, lakini waya uko karibu na nyuzi 50 tu. Tofauti ya nyuzi 32 kwenye spani ya mita 180 ni karibu sentimita 80 za kushuka. Wewe umepima 80. Sijawahi kuona hesabu na kipimo vikisalimiana hivi, na nimefurahi kama mtoto.

Voltiampea, mwanangu, sheria uliyoitaja ni kweli: joto kubwa waya chini. Ila ni joto la waya, si la hewa. Hapo ndipo ulipoteleza.

Na 430 wanayoitaka? Saa nne ile ile waya utakuwa nyuzi 92, na kimo kitakuwa kama mita 5.85. Alumini ikikaa muda kwenye joto la karibu nyuzi 100 huanza kulainika, na nguvu iliyopotea hairudi hata waya ukipoa. Lakini kabla ya hapo mimi nawafikiria wale wanaopita chini.

Niwaambie kwa nini. Miaka ya tisini, mahali ambapo sitapataja, tulikuwa na laini iliyopimwa kimo asubuhi na mapema, saa kumi na mbili, mzigo mdogo, umande bado uko kwenye nyasi. Ikaandikwa kwenye fomu kwamba inafaa. Siku moja mchana usio na upepo, msimu wa mavuno, mzigo umepanda, lori lilipita na marobota yaliyopangwa juu kupita kiasi. Utingo alikuwa amekaa juu ya marobota. Nilikuwa kwenye gengi lililokwenda kumshusha. Alikuwa na umri wa mwanangu wa kwanza. Fomu ilikuwa sahihi kabisa, kila namba iliyoandikwa ilipimwa kweli. Ila ilipimwa saa ambayo waya ulikuwa umelala baridi. Tangu siku hiyo kila kimo nilichoandika, pembeni niliandika saa, ampea na upepo. Wewe umeanza hivyo bila kufundishwa na mtu, Mungu akuzidishie.

Nijibu maswali mawili. Laini yenu inaelekea wapi, kwa dira? Na pawa fakta ya kiwanda, yaani sehemu ya umeme mnaovuta inayofanya kazi kweli, ni ngapi?

---

Fundi_Mkonge

Shikamoo mzee. Nimesoma mara tatu. Pole sana kwa yule kijana.

Kutoka kituoni laini inakwenda kaskazini kama kilomita nne, kibonde kiko hapo. Halafu kuna nguzo ya kona, inageuka kuelekea magharibi mpaka getini. Pawa fakta ni 0.80, tuna mota nyingi kubwa na hatujafunga kapasita yoyote ya kuipandisha.

---

MzeeWaSpani

Marahaba mwanangu.

Kona hiyo ni habari kubwa, usiidharau. Upepo unaoupiga waya ubavuni unapoza vizuri. Upepo unaokwenda sambamba na waya, unautambaa tu, unapoza kwa kama asilimia 39 ya ule wa ubavuni. Upepo wa bahari kwenu unatoka mashariki. Kipande cha kwenda kaskazini unakikata mraba, ndiyo maana kibondeni saa nane mambo ni mazuri. Kipande cha baada ya kona kinakwenda magharibi, upepo huo huo unakifuata mgongoni. Kwa hiyo mchana wakati kibonde kimepoa, huko mbele ya kona waya unaweza kuwa na joto zaidi, na wewe hujapima huko. Nenda kapime. Ampea za laini nzima huamuliwa na spani yake moja iliyo katika hali mbaya saa hiyo, na spani hiyo inaweza kuhama kutoka asubuhi kwenda mchana.

Ukiwa huko angalia na viungo, pale waya ulipounganishwa. Waya ukiwa nyuzi 80, kiungo kilichochakaa kinaweza kuwa juu zaidi sana, na huku pwani chumvi haina huruma na chuma cha ndani.

Halafu pawa fakta. Hapa nina habari njema. Mkifunga benki ya kapasita hapo kiwandani, upande wenu, mkapandisha kutoka 0.80 mpaka 0.95, kazi ile ile mnayoifanya leo kwa ampea 380 mtaifanya kwa 320. Joto linalotengenezwa na umeme ndani ya waya hufuata mraba wa ampea, kwa hiyo linapungua karibu asilimia 30. Saa nne asubuhi, hakuna upepo, waya unakuwa nyuzi 72 badala ya 82. Huko ndiko wakubwa wako wapeleke pesa kabla ya kuwaza mashine mpya.

---

Chepkorir_Suswa

Shikamoo mzee, na hamjambo nyote. Mimi niko Kenya, upande wa usafirishaji wa stima, laini kubwa. Nimependa huu uzi, naongeza mawili matatu.

Huku kwetu kuna swali kama la fundi, ila kwa ukubwa mwingine. Shamba la upepo la Ziwa Turkana lina mitambo 365, megawati 310, na stima yake inasafiri kwa laini ya kilovolti 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400. Watu husema, basi si upepo ukivuma mitambo inazalisha, na upepo huo huo unapoza waya, kila kitu kinajipanga? Kwa shamba la upepo lenye laini fupi hilo ni kweli na ni zuri sana. Lakini kwa kilomita 400 upepo wa Loiyangalani haujui hali ya hewa ya Suswa. Kaskazini kunavuma mpaka kokoto zinaruka, na huku chini ya bonde kumetulia. Ni lile alilosema mzee kuhusu spani mbaya, ila hii imenyoshwa juu ya nusu ya nchi.

Pia mtu asidhani kila laini inafungwa na joto. Laini ndefu namna hiyo huanza kusumbuliwa na volti na uthabiti wa mfumo kabla waya haujafika hata nyuzi 75. Joto ni shida ya laini fupi zilizobebeshwa mzigo mzito, na kilomita sita za fundi ni mfano wenyewe.

Halafu mwinuko. Hewa ya juu ni nyepesi, inabeba joto kidogo. Nimechukua Wolf ya mzee, masharti yale yale, nikaipandisha mita 1,700 ambayo ni kama Nairobi: 440 inakuwa 420. Bahati yetu ni kwamba hewa ya huku ni baridi kuliko ya Tanga, kwa hiyo tunarudishiwa tulichonyang'anywa na zaidi.

---

Voltiampea

Nimekubali yaishe, nilijibu haraka. Samahani fundi. Naomba kuuliza sasa kwa nia njema: mvua je? Na kama upepo unaleta ampea 240 za ziada, kwa nini tusizitumie? Kuna vifaa vya kupima si ndiyo?

---

MzeeWaSpani

Umeuliza vizuri.

Mvua inapoza kuliko kitu chochote. Tone likitua kwenye waya wa nyuzi 70 linaondoka na joto zito likigeuka mvuke. Ila hakuna mtu mwenye busara anayeiweka kwenye hesabu, maana mvua inanyesha kibondeni na upande wa pili wa kona pakavu. Ikikata, waya wa aina hii unachukua dakika sita mpaka kumi hivi kusogea sehemu kubwa ya njia kuelekea joto lake jipya. Hizo dakika ndizo ulizonazo. Ukiwa chumba cha udhibiti ni muda wa kupiga simu mbili.

Usiku nako watu wanakosea. Wanadhani jua likizama ni salama tupu. Kwa hewa nyuzi 25, usiku, hakuna upepo kabisa, Wolf inabeba 435 hivi. Karibu sawasawa na ile 440 ya mchana wa nyuzi 35 wenye upepo wa 0.6. Usiku uliotulia una thamani ya mchana wenye upepo mdogo, basi. Na waya mkuukuu uliokwisha kuwa mweusi unashukuru usiku kuliko waya mpya unaong'aa, kwa kuwa mweusi hutoa mnururisho vizuri. Mchana huo weusi unaulipia kwa kunywa jua.

Ya vifaa namwachia binti yangu wa Suswa.

---

Chepkorir_Suswa

Asante mzee. Vifaa vipo. Vingine vinafungwa juu ya waya vinapima joto lake, vingine mwinamo au mtetemo, na kutoka hapo kompyuta inapiga hesabu waya umeshuka kiasi gani na bado una nafasi ya ampea ngapi. Vinafanya kazi. Lakini kifaa kinajua spani yake tu, kwa hiyo ukikifunga mahali penye upepo mzuri umejidanganya kwa gharama kubwa. Kifunge kwenye mitiki.

Marekani mwezi Desemba 2021 tume yao ya shirikisho ya nishati ilitoa amri namba 881, inayotaka laini za usafirishaji zikadiriwe kufuatana na joto la hewa linalotarajiwa na kama kuna jua au la, badala ya namba moja ya msimu mzima. Angalieni walichokilazimisha: joto na jua. Upepo hawakuulazimisha. Joto la hewa unaweza kulitabiri kesho saa nane bila kukosea sana. Upepo wa kwenye spani moja nyuma ya miti, hapana.

Na mitiki hiyo isiogopwe kwa ajili ya upepo tu. Tarehe 14 Agosti 2003, ule mzimiko wa Amerika Kaskazini uliowaacha gizani watu kama milioni 50, laini tatu za kilovolti 345 kule Ohio zilijikata moja baada ya nyingine kwa kugusa miti iliyokuwa imekua kwenye mkuza, ile njia ya laini inayopaswa kuwa wazi. Ya kwanza ilikuwa na asilimia 44 tu ya mzigo iliyoruhusiwa kubeba. Ya pili 88, ya tatu 93. Hakuna hata moja iliyokuwa imezidi namba yake ya kwenye karatasi. Mimi kila mwezi natembea na picha hiyo kichwani nikikagua mkuza.

---

Fundi_Mkonge

Wakuu, nimerudi baada ya siku kumi. Nimechelewa kwa sababu nilitaka nije na namba.

Sikusaini. Nilichapisha majibu ya mzee, nikaondoa majina, nikampelekea meneja pamoja na daftari langu. Alisoma kimya. Akaniuliza, "Una uhakika na hiyo 5.85?" Nikamwambia sina njia ya kuijaribu kwa kupandisha mzigo, ila ninaweza kuijaribu hesabu ile ile kwa kuushusha. Akakubali tuzime kinu kimoja asubuhi mbili, ampea zishuke mpaka 320.

Mzee, kutoka kwenye nyuzi zako 82 na 72 nilipiga hesabu usiku, nikaandika kwenye karatasi kwamba kimo kitapanda mpaka 6.35. Nikaikunja nikampa mlinzi wa geti aishike. Asubuhi ya kwanza saa nne, moshi wa jiko la mama ntilie ukipanda wima kama uzi, nilipata 6.33. Ya pili 6.37. Mlinzi akafungua karatasi mbele ya meneja. Kapasita zimeagizwa. Mashine mpya imewekwa kando mpaka tuone namba baada ya kapasita kufungwa.

Baada ya kona nilipima saa nane kama ulivyoniambia. Spani za huko ni fupi, mita 90, kwa hiyo kimo hakitishi. Lakini niliazima kamera ya joto, na kweli, waya wa baada ya kona unaonekana wa moto kuliko wa kibondeni saa hiyo hiyo, ni kama nyuzi 14 zaidi. Nilisimama chini ya nguzo ya kona upepo ukinipiga usoni, nikitazama upande huu baridi, upande ule moto. Waya mmoja.

Na kiungo kimoja, nguzo ya tatu baada ya kona, fezi ya kati, kilikuwa kinawaka peke yake kwenye kamera. Jumapili tulizima laini, wakaja wenye kazi yao wakakikata. Ndani kilikuwa cheupe cha unga na nusu ya nyuzi za alumini zimeliwa. Picha nimeweka chini hapo.

Mitiki ni ya mtu, mazungumzo yanaendelea. Amekubali kukata safu mbili zilizo karibu na mkuza tukimlipa kama mbao. Kwa sasa tumeweka fito mbili na ubao barabarani, lori lenye mzigo mrefu linapita njia ya juu. Mwalimu mkuu nimemwona pia.

---

MzeeWaSpani

Nimesoma na mke wangu akiwa pembeni, nikamsomea kwa sauti ile ya karatasi na mlinzi.

Usiache daftari. Mwezi wa sita kusi likishika, pima tena saa nne, saa nane na saa tatu usiku, kwa kigingi kile kile. Mambo yatakuwa mazuri sana, na hapo ndipo watakapokuja tena kukuomba hiyo 430. Uwe na namba za mwezi wa pili mkononi siku hiyo.

Hicho kiungo mlichokikata, usikitupe. Nitumie picha ya upande wa pili, nataka kuona kilivyobanwa.